Modemu Gani kwa Tangi la Maziwa? Piga Hesabu Kabla ya Kununua



Kwenye nchi ya chai, pesa huja kwa kalenda yake. Malipo ya majani huingia kila mwezi, bonasi huja mara moja kwa mwaka, na katikati hapo ni ng'ombe anayeshikilia nyumba. Unga, karo, dawa, hata salio la simu: vingi hutoka kwa maziwa. Ndiyo maana tangi la kupozea maziwa lina uzito kwa familia za huku, kutoka Litein na Kapkatet hadi Mogogosiek na Silibwet. Na ndiyo maana wengi wenu mko nasi: maziwa yanapimwa kituoni, pesa inaingia kwa simu.

Leo tunaongea juu ya kitu kidogo kinachokaa kati ya hilo tangi na hiyo pesa. Ni modemu. Tutawaeleza jinsi ya kuichagua bila kudanganywa na maandishi makubwa kwenye boksi.

Malipo yaliyopungua

Kituo kimoja huko Konoin kilitupigia simu kwa sababu nyingine kabisa. Wafugaji walikuwa wanalalamika kwamba malipo yao yamepungua, na meneja alitaka tuangalie kama mtandao wetu ulikuwa umekosea. Tukaenda. Tukaketi na yeye na mwekahazina, tukapitia daftari mstari kwa mstari. Malipo yalikuwa sawa. Kilichopungua kilikuwa maziwa.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Kituo kilikuwa kimenunua vihisi, yaani vile vidude vinavyopima na kutuma habari bila waya. Kimoja ndani ya tangi kupima joto, kingine kuangalia kama stima ipo, kingine kwenye jenereta, na kadhalika. Vyote vilikuwa vinaongea na kisanduku kimoja ukutani, na hicho kisanduku kilikuwa kinatuma habari kwa intaneti kupitia ruta ya 4G. Ruta yenyewe ilikuwa ya kasi kweli. Fundi aliyewauzia alikuwa amewaonyesha video ikicheza bila kukwama, na kila mtu akaridhika.

Jioni moja maziwa yakapokelewa kama kawaida, kama lita 2,000. Saa tatu usiku, kabla maziwa hayajapoa kufika nyuzi 4, stima ikapotea. Ruta ilikuwa imechomekwa kwenye soketi ya ukutani, kwa hivyo nayo ikazima pamoja na tangi. Tahadhari haikutoka. Mlinzi aliona giza, lakini hakuwa na wasiwasi, kwa sababu kila mtu pale alijua kwamba kifaa kinampigia mtu wa jenereta chenyewe. Mtu wa jenereta naye alikuwa nyumbani amelala vizuri, kwa sababu kifaa hakikuwa kimempigia.

Asubuhi maziwa yalishindwa kwenye kipimo cha alkoholi. Lori halikuyachukua. Hata ukihesabu lita kwa Sh45 tu, hizo ni Sh90,000 zilizomwagwa, na zilitoka kwa mifuko ya watu ambao ng'ombe wao walikuwa wamekamuliwa vizuri.

Jina la kituo tunaliweka kando. Tunachotaka mbaki nacho ni hiki: kifaa kilikuwa na kasi ya kucheza filamu, lakini usiku mmoja kilipohitajika kutuma maneno matano, hakikuweza. Na kibaya zaidi, kwa sababu kilikuwepo, watu waliacha kuamka.

Lango ni nini, na linatuma nini?

Kile kisanduku ukutani tutakiita lango. Kazi yake ni kama ya karani wa kituo cha kununulia majani. Wakulima wengi wanaleta kwake, yeye anaandika, halafu anapeleka habari yote kiwandani mara moja. Vihisi vinaongea na lango kwa redio ndogo isiyolipiwa, ya mita chache au kilomita chache. Lango peke yake ndilo lenye laini ya simu, na ndilo linaloongea na mnara.

Huu mpango una faida kubwa kwenye milima yetu. Kihisi kinaweza kukaa chini bondeni, mahali simu haishiki, mradi lango liko juu kwenye kilima linakoona mnara. Unalipia laini moja badala ya nane.

Sasa swali la kwanza la kumuuliza fundi ni: lango langu litatuma data kiasi gani? Kasi itafuata baadaye. Hili swali watu wengi hulirukia, na ni la hesabu ya darasa la sita tu. Twende pole pole.

Hesabu ya data, hatua kwa hatua

Tuseme kituo kina vihisi 8: joto la matangi mawili, stima, jenereta, dizeli, maji, mlango na joto la chumba. Kila kimoja kinapima kila baada ya dakika 5. Saa moja ina vipimo 12, siku ina 288. Mara 8, unapata vipimo 2,304 kwa siku.

Kipimo kimoja ni kitu kidogo: namba ya kihisi, saa na joto. Tuseme baiti 50. SMS moja inabeba baiti 140, kwa hivyo vipimo viwili vinaingia kwa SMS moja na nafasi inabaki. Zidisha: 2,304 mara 50 ni baiti 115,200, yaani kama kilobaiti 115 kwa siku. Kwa mwezi ni megabaiti tatu na nusu hivi. Picha moja mnayotumiana kwenye kikundi cha chama inaweza kuwa kubwa kuliko hiyo.

Lakini ngoja. Kila mara lango linapopiga hodi kwenye intaneti kwa njia salama, kuna salamu za kubadilishana kabla ya kuingia ndani, kama vile mgeni anavyosalimia boma zima kabla ya kusema shida yake. Hizo salamu zinaweza kula kilobaiti 6 hivi. Hapo ndipo tofauti inapotokea:

- Lango likipiga hodi kwa kila kipimo: mara 2,304 kwa siku, kila mara kilobaiti 6. Ni megabaiti karibu 14 kwa siku, zaidi ya megabaiti 400 kwa mwezi. Habari ni zile zile. Unalipia salamu.
- Lango likikusanya na kutuma kila dakika 15: mara 96 tu kwa siku, kila mara kama kilobaiti 7. Ni kama megabaiti 21 kwa mwezi.
- Lango likiacha mlango wazi: linasalimia mara moja, halafu linaendelea kutuma bila kufunga. Hapa mwezi mzima unaweza kukaa chini ya megabaiti 10.
- Ukiongeza kamera: picha moja ya kilobaiti 200 kila dakika 5 ni megabaiti 57 kwa siku, karibu gigabaiti 1.7 kwa mwezi.

Angalieni vizuri. Kituo kile kile, tangi lile lile, na bili inaweza kutoka megabaiti 10 hadi gigabaiti karibu 2. Modemu haijabadilika, ila jinsi lango lilivyopangwa na kama kuna kamera. Kwa hivyo kabla ya kununua bando kubwa, mwulize fundi: linatuma mmoja mmoja au linakusanya? Na ile tahadhari ya dharura, inangoja zamu ya dakika 15 au inatoka hapo hapo? Jibu zuri ni kwamba vipimo vya kawaida vinakusanywa, lakini stima ikipotea ujumbe unatoka papo hapo.

Kwani 4G si ndiyo kasi?

Mama mmoja mfugaji alituuliza hivyo, na swali lake ni zuri. 4G ni moja kwa jina, lakini ina madaraja. Kwenye karatasi ya kifaa utaona maandishi kama Cat 1 au Cat 4. Hiyo Cat ni daraja. Haya ndiyo mtakayokutana nayo dukani:

2G peke yake. Ni bei ya chini. Kwa kile kifurushi cha kilobaiti 7, hata 2G ya kujikokota inamaliza kwa sekunde tatu hivi. Kwa kazi hii inatosha. Hata malipo kwa simu yalipoanza Kenya mwaka 2007, yalipita kwa SMS tu, na nchi nzima ikalipana. Shida ni miaka ijayo. Nchi nyingine zimeanza kuzima mitandao ya zamani. Kule Marekani kampuni kubwa za simu zilizima 3G mwaka 2022. Hatusemi 2G inazimwa hapa kesho. Tunasema usifunge mradi wa miaka kumi kwenye mlango mmoja wa zamani.

4G ya Cat 1, yenye uwezo wa kurudi 2G. Hii inashusha hadi megabiti 10 kwa sekunde na kupandisha hadi 5. Kwa vihisi hiyo ni zaidi ya kutosha. Inakula moto kidogo, na ipo aina yake inayoitwa Cat 1 bis inayohitaji antena moja tu. 4G ikipotea, inateremka 2G na kuendelea. Kwa kituo cha maziwa bila kamera, hii ndiyo tungeichagua.

4G ya Cat 4. Inashusha hadi megabiti 150 na kupandisha hadi 50. Ndiyo iko kwa ruta nyingi za nyumbani. Ni nzuri ukiwa na kamera, au kama ofisi nzima itaitumia kwa kompyuta. Lakini inataka antena mbili ili ifikie kasi hiyo, na ruta yake inakula moto zaidi. Ukiitumia kwa vihisi peke yake, ni kama kukodi lori kupeleka debe moja la majani.

NB-IoT na LTE-M. Hizi ni njia zilizotengenezwa kwa vifaa vinavyotuma kidogo na kukaa kwa betri miaka mingi. Ni nzuri kwenye karatasi, ila lazima zifunguliwe kwenye mnara unaokuhudumia wewe. Usinunue kwa sababu umeambiwa ziko Kenya. Uliza kampuni ya simu kuhusu kijiji chako, halafu jaribu kifaa kimoja kwanza.

Jambo moja la mwisho hapa: masafa. 4G ya Kenya hutumia sana 800 MHz na 1800 MHz, ambayo kwenye karatasi huandikwa B20 na B3. Ile ya 800 hufika mbali zaidi na kupenya kuta vizuri zaidi, na huku kwenye vilima hiyo ni baraka. Kifaa kilichotengenezewa soko la ng'ambo kinaweza kukosa hizo mbili, kisha unakuta ni 4G kweli lakini hakioni mnara wako. Hakikisheni pia kwamba kimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Kilima, bonde na mabati

Tuseme umepata modemu nzuri. Sasa inaenda kuishi wapi? Mji wa Kericho uko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na nchi yote kutoka hapo hadi Bomet ni migongo na mabonde. Unaweza kusimama kwenye shamba la chai juu kabisa ukapata mtandao mzuri, ukateremka hadi mtoni kuchota maji na simu ikanyamaza. Kituo nacho mara nyingi kimejengwa karibu na barabara au maji, kikaezekwa mabati, na ndani kuna tangi la chuma. Mabati na chuma havipendi mawimbi ya simu.

Zile fito nne juu ya kioo cha simu usiziamini sana, kwa sababu kila simu huzichora kivyake. Angalia namba. Kwenye simu nyingi za Android, ingia Mipangilio, kisha Kuhusu simu, kisha Hali ya SIM. Utaona nguvu ya mtandao kwa namba yenye alama ya kutoa mbele, na dBm nyuma. Kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo nzuri. Kwa 4G, tumia kipimo hiki cha mkono:

- −90 au bora zaidi: starehe.
- Kati ya −90 na −105: inafanya kazi.
- Kati ya −105 na −115: unahitaji antena ya nje.
- Zaidi ya −115: usitegemee, hamisha lango au badilisha mtandao.

Kila namba ikishuka kwa 3, nguvu imepungua nusu. Ikishuka kwa 10, imebaki sehemu moja ya kumi. Kwa hivyo kutoka −95 hadi −115 si safari ndogo.

Pimeni pale pale lango litakapokaa, kwenye urefu ule ule, mlango ukiwa umefungwa kama usiku. Pimeni kwa laini za kampuni zaidi ya moja. Rudieni asubuhi, jioni, na siku ya mvua kubwa. Huku kwetu siku hiyo haichelewi kuja.

Antena ya nje inasaidia sana, lakini msinunue kebo nyembamba ya mita 10 ili kufika darini. Kebo kama hiyo inaweza kula zaidi ya nusu ya mawimbi njiani. Ni afadhali modemu iwe karibu na antena kwenye boksi lisiloingiza maji, halafu waya wa moto uwe ndio mrefu. Na kwa sababu Kericho ni nchi ya radi na mvua ya mawe, fundi aweke kinga ya radi na waya wa kuingia ardhini. Antena ikiwa juu ya paa bila kinga, radi imeshapewa njia.

Stima ikipotea, ndipo kazi inaanza

Hapa ndipo kituo kile kilipoanguka, na si peke yake. Kifaa cha kutangaza kwamba stima imepotea hakiwezi kutegemea stima hiyo hiyo. Lazima kiwe na betri yake.

Tupige hesabu tena. Betri ndogo ya volti 12 na ampea-saa 7, ile inayotumika kwa kengele za wezi, ina wati-saa 84. Usiimalize yote, itakufa mapema. Tumia nusu: wati-saa 42. Ruta inayokula wati 5 itaishi kama saa 8. Lango dogo linalokula nusu wati litaishi saa 84, yaani siku tatu na nusu. Ni betri ile ile. Kilichobadilika ni ulaji wa kifaa, na hapa ndipo Cat 1 inapoipita Cat 4 ya kasi.

Kuna mtego mwingine. Modemu inapoteremka 2G na kutuma, inaweza kuvuta hadi ampea 2 kwa kipande kidogo sana cha sekunde. Chaja dhaifu ikishindwa kutoa, kifaa kinazima na kuwaka upya, kinajaribu tena, kinazima tena. Mchana 4G ikiwa nzuri huoni shida. Usiku wa dharura ndio utaiona. Mwulize fundi kama chaja na betri zinaweza kubeba hizo ampea 2.

Na mnara je? Mnara nao unatumia stima, na ikipotea unakaa kwa betri au jenereta yake. Stima ikikatika eneo zima kwa muda mrefu, mtandao unaweza kufuata. Kwa hivyo dakika za kwanza ni za thamani. Ujumbe utoke hapo hapo, na utoke kwa njia mbili: kwa data na kwa SMS. SMS haitaki bando, inataka salio kidogo tu, na mara nyingi hupita hata pale data inapokwama.

Sasa sikilizeni hili, kwa sababu ndilo tuliloona lina maana kuliko yote. Kimya nacho ni habari. Programu inayopokea vipimo iko mbali na kituo. Ipangwe hivi: lango linatakiwa kusema "nipo" kila dakika 15. Likikosa mara mbili, programu yenyewe impigie mtu wa jenereta, halafu meneja. Iwe stima, iwe betri, iwe mnara, iwe mtu amechomoa waya ili achaji simu, haijalishi. Mtu ataamka. Usiku ule wa Konoin, mpango huu peke yake ungetosha. Ruta ingezima, kimya kingeanza saa tatu, na kabla ya saa nne simu ya mtu ingekuwa inalia.

Kwenye kifaa chenyewe, tafuteni mambo mawili zaidi. La kwanza, kiwe na kumbukumbu ya kuhifadhi vipimo mtandao ukipotea na kuvituma ukirudi. La pili, kiweze kujizima na kujiwasha chenyewe modemu ikiganda, bila kungoja mtu apande ngazi.

Laini, bando na pesa yenu

Hapa sasa tuko nyumbani kwetu. Tumeona matatizo ya laini za vifaa mara nyingi, na mengi yanaepukika.

*Isiwe laini ya mtu.* Tumekuta lango lenye laini ya mwekahazina, ile ile anayopokelea pesa ya kikundi. Hiyo ni hatari. Kisanduku kiko ukutani usiku kucha. Mtu akichomoa laini, ana namba inayopokea ujumbe wa siri wa akaunti. Andikisheni laini ya kifaa kwa jina la ushirika, kwa kufuata kanuni za usajili wa laini, na isifunguliwe akaunti ya pesa kabisa. Laini ya kifaa itume vipimo. Pesa ikae kwingine.

*Bando lisiishe Jumapili usiku.* Bando la wiki au la mwezi lina siku ya kufa, hata kama hujalitumia. Lango linalokula megabaiti 21 kwa mwezi halihitaji bando kubwa, linahitaji bando lisilokatika. Ulizeni kampuni ya simu kuhusu laini za vifaa, ambazo hulipiwa kwa mkataba. Kama mnatumia laini ya kawaida, pangeni malipo ya kujirudia siku tatu kabla ya bando kuisha, na ujumbe wa kuthibitisha uende kwa maofisa wawili. Mmoja akisafiri, mwingine ataona.

*Laini mbili, lakini kweli mbili.* Kifaa chenye nafasi ya laini mbili ni kizuri. Ila kampuni mbili zinaweza kuning'inia kwenye mnara mmoja, na mnara ukilala zote zinalala. Angalieni kama laini ya pili inatoka mnara tofauti, hata kama ni dhaifu kidogo.

*Laini ya akiba ifanye mazoezi.* Laini isiyotumika kwa muda mrefu inaweza kufungwa. Pangeni itume SMS ya majaribio kila Jumatatu. Mkikosa hiyo SMS, mmejua mapema.

Orodha ya kubeba dukani

Ikateni, mpige picha, muende nayo:

1. Tuna vihisi vingapi, vinapima kila dakika ngapi, na lango linakusanya kabla ya kutuma?
2. Data ya mwezi ni megabaiti ngapi? Fundi aandike hesabu.
3. Kuna kamera? Kama hapana, Cat 1 yenye kurudi 2G inatosha.
4. Karatasi ya kifaa ina B3 na B20? Kimeidhinishwa?
5. Namba ya mtandao pale ukutani ni ngapi, kwa kila kampuni, mlango ukiwa umefungwa?
6. Stima ikikatika, kifaa kinaishi saa ngapi? Chaja na betri zinabeba ampea 2?
7. Lango likinyamaza, nani anapigiwa, na baada ya dakika ngapi?
8. Laini imeandikishwa kwa nani, na bando linalipwa na nani?

Kabla ya kumlipa fundi pesa ya mwisho, fanyeni jaribio moja. Usiku, bila kumwambia mtu wa jenereta, zimeni swichi kubwa ya kituo. Angalieni saa. Kama simu yake haijalia ndani ya nusu saa, kazi bado haijaisha, hata kama video inacheza vizuri.

Kituo cha Konoin kimefanya jaribio hilo mara mbili. Mara ya kwanza simu haikulia, kwa sababu namba iliyoandikwa ilikuwa ya kijana aliyekuwa ameshaacha kazi. Mara ya pili ililia baada ya dakika mbili. Ile ruta ya kasi haikutupwa. Imehamia ofisini, ambako mwekahazina anaitumia kutayarisha malipo ya wafugaji. Pale ukutani sasa kuna kisanduku kidogo kisicho na mbwembwe, na betri chini yake. Mlinzi naye amepewa namba ya mtu wa jenereta, imeandikwa kwa kalamu nyeusi mlangoni. Akiona giza, anapiga. Kifaa kipo, na mtu yupo.

Mna swali kuhusu malipo ya bando, laini ya kikundi au akaunti ya ushirika? Tembeleeni wakala wetu aliye karibu au mtupigie kupitia namba iliyo kwenye menyu ya huduma. Na kama kawaida tunawakumbusha: hakuna mfanyakazi wetu atakayewapigia kuwauliza namba ya siri. Akiuliza, kateni simu.